Ukuta Unaotetemeka Kwenye Skrini

Duara lenye kona ni kasoro ambayo karibu kila mchoraji wa ramani za nyumba ameiona kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa ni ndogo haipewi uzito, ilhali ndani yake limo swali ambalo uchoraji wote wa kompyuta umesimama juu yake: kilichoharibika ni mchoro wenyewe, au ni picha yake tu? Katika AutoCAD, programu iliyoingia sokoni mwaka 1982 na ambayo hadi leo ni lugha ya pamoja ya ofisi nyingi za wabunifu majengo, duara huhifadhiwa kama kitovu na nusukipenyo, na kona zinazojitokeza mchoraji anapolikuza hutokana na programu kulionyesha kwa vipande vifupi vilivyonyooka ili kuokoa muda. Amri moja ya REGEN, inayoiagiza programu ikokotoe upya kila kilichomo kwenye faili, hulirudishia duara uviringo wake. Katika SketchUp, iliyotoka mwaka 2000 na kupendwa kwa wepesi wake, duara lililochorwa bila kugusa mipangilio ni umbo la pande 24, na hakuna amri ya kuburudisha skrini itakayoligeuza kuwa kitu kingine.

Tofauti hiyo ina bei yake. Banda la kupumzikia la mviringo lenye nusukipenyo cha mita 3, likichorwa kwa pande 24, hupungua milimita 26 katikati ya kila upande, na sakafu yake, ambayo kwa hesabu ya duara kamili ingekuwa mita za mraba 28.27, husomwa na programu kuwa 27.95. Theluthi moja ya mita ya mraba ya marumaru haimfilisi mtu, lakini mkadiriaji majenzi anayechukua eneo hilo kutoka kwenye faili bila kujua duara lilivyochorwa amekwisha kupokea kosa ambalo hakulifanya, na fundi atakayeegemea kona badala ya kitovu anapopima atalijenga kwa tofali.

Wataalamu wa fani hii hutenganisha mchoro na onyesho. Mchoro ni namba: mahali ukuta unapoanzia, unapoishia, unene wake na kimo chake, vyote vikiwa vimetunzwa ndani ya faili hata kompyuta ikizimwa. Onyesho ni tafsiri ya namba hizo kuwa vidoa vya rangi, yaani pikseli, kwa ajili ya jicho la mwanadamu kwa sekunde ile tu. Mgawanyo huo ulikuwepo tangu Ivan Sutherland alipowasilisha Sketchpad katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1963, mfumo uliomruhusu mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo huku kompyuta ikihifadhi uhusiano wa nukta na mistari mahali pengine, mbali na kile kilichokuwa kikimulika. Zaidi ya miaka 60 baadaye ndilo jambo la kwanza linalosahaulika pale skrini inapofanya vituko.

Sababu ya kusahau haiko kwenye mashine peke yake. Soko la ramani za nyumba mijini limejifunza kulipia picha: mteja anatumiwa kwenye simu taswira ya nyumba ya ghorofa moja yenye bustani na gari lililoegeshwa, anaipenda, anatoa malipo ya awali, na ramani ya vipimo inafuata nyuma kama kiambatisho. Mchoraji aliyekulia katika biashara hiyo huzoea kuujenga mchoro kwa ajili ya upande mmoja unaopigwa picha, na kuta za nyuma zisipokutana hakuna atakayeziona. Akikutana na ukuta unaotetemeka au sakafu inayometameta hutafuta namna ya kuitibu picha, kwa kugeuza upande wa kutazamia, kuongeza kivuli, au kununua kompyuta nyingine, kwa sababu picha ndiyo bidhaa yake. Lawama hapa si yake peke yake, maana anayelipa ndiye anayepanga ufundi ukae wapi.

Kutambua kasoro iko upande gani hakuhitaji utaalamu mkubwa. Programu nyingi huwa na mahali pa kuzima msaada wa kadi ya michoro, yaani kile kipande cha kompyuta kinachogeuza namba kuwa picha, na katika AutoCAD mahali hapo hufikiwa kwa amri ya GRAPHICSCONFIG. Kasoro ikitoweka baada ya kuizima, mtuhumiwa ni kadi au draiva yake, ambayo ni programu ndogo inayoiunganisha kadi na mfumo wa kompyuta. Ikibaki pale pale, macho yarudi kwenye faili. Kipimo kingine ni kuiuliza programu badala ya kuitazama, kwa kugusa mstari unaotiliwa shaka na kusoma urefu wake na mahali ulipo kama ulivyoandikwa. Mstari unaoonekana umepinda huku namba zikisema umenyooka, na mstari unaoonekana umenyooka huku namba zikisema umeinama nyuzi 0.03, ni magonjwa mawili yasiyotibiwa kwa dawa moja.

Hata hivyo upo ugonjwa unaokaa katikati ya pande hizo mbili, na huo unawahusu wachoraji wa Tanzania kwa namna ya pekee. Mpima ardhi anapokabidhi mipaka ya kiwanja, hukabidhi majiranukta, ambayo wengi huyaita kodineti, yaani jozi za namba zinazosema kila jiwe la mpaka liko umbali gani kuelekea mashariki na kaskazini kutoka mahali pa kuanzia. Katika UTM, mfumo unaotumika sana katika upimaji, nchi zilizo kusini mwa ikweta huongezewa mita 10,000,000 kwenye namba ya kaskazini ili pasiwepo namba hasi, na matokeo yake kiwanja kilichopo katikati ya Dar es Salaam husomeka kuwa kwenye mita milioni 9.2 hivi kwenda kaskazini, na cha Nairobi zaidi ya milioni 9.8. Mchoraji akilifungua faili la mpima na kuanza kuchora sebule papo hapo, anachora nyumba ambayo, kwa hesabu za programu, iko zaidi ya kilomita 9,000 kutoka nukta sifuri.

Faili lenyewe halioni tabu, kwa kuwa programu nyingi za uchoraji huhifadhi namba kwa biti 64, zinazotosha kutofautisha, hata kwa umbali huo, sehemu chache za bilioni za mita. Tabu inaanza namba zinapokabidhiwa kwa kadi ya michoro, ambayo hufanya kazi yake nyingi kwa namba za biti 32 zenye usahihi wa biti 24 tu. Namba ya aina hiyo ikishavuka 8,388,608 haiwezi tena kubeba desimali, bali husonga kwa hatua za moja zima, kama saa isiyo na mshale wa dakika. Kwa kuwa Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, na hakuna sehemu yake iliyo mbali kiasi cha kuishusha namba ya kaskazini chini ya mpaka huo, kila kiwanja cha nchi hii kilichochorwa kwa mita katika majiranukta yake halisi huifikia kadi ya michoro kikiwa kimekadiriwa hadi mita nzima. Kubadili mita kuwa milimita hakusaidii, maana namba inakua mara elfu na hatua inakuwa milimita 1,024.

Hapo ndipo ukuta unapotetemeka. Mchoraji anaizungusha nyumba kwa kipanya na kona za dirisha zinaruka, mistari miwili inayopaswa kulingana inapishana, kingo za paa zinakuwa kama meno ya msumeno, na akiacha kuzungusha kila kitu kinatulia mahali pasipo pake. Programu nyingine huficha ugonjwa kwa kupunguza namba kabla ya kuzipeleka kwenye kadi, ndiyo maana faili moja hutulia katika programu hii na kuweweseka katika ile, na ndiyo maana pia ushauri wa kununua kadi mpya huonekana umefaulu pale mchoraji alipobadilisha na programu kwa wakati huo huo. Mwenzake wa Kampala, aliye kaskazini kidogo ya ikweta ambako hesabu ya kaskazini huanzia sifuri, ana namba ya kaskazini ya mita 35,000 hivi na ya mashariki inayokaribia 453,000, ambapo hatua ni kama sentimita 3. Kwa lugha ya kadi ya michoro, ikweta si mstari wa kufikirika.

Tiba ni kutoa. Mchoraji anatengeneza nakala ya faili la mpima, anaacha la asili bila kuligusa, kisha kwenye nakala anahamisha kila kitu kwa namba nzima inayokumbukika, kwa mfano kupunguza 9,240,000 upande wa kaskazini na 520,000 upande wa mashariki, na kwa kiwanja cha katikati ya Dar es Salaam hatua ya kadi inashuka hadi takribani milimita moja. Namba zilizopunguzwa ziandikwe ndani ya ramani yenyewe, karibu na mshale wa kaskazini, kwa herufi zinazosomeka. Mchoraji anayehamisha kimya kimya anapata skrini tulivu na kupoteza uhusiano wa nyumba na mawe ya mpaka, na siku jirani atakapodai kwamba ukuta umeingia kwake sentimita 40, faili lile zuri halitakuwa na la kusema.

Mbali na kutetemeka kuna kumetameta, hali ya sakafu au ukuta kuonyesha rangi mbili zinazogombania mahali pamoja kwa mabaka yanayobadilika kila mtazamaji anaposogea. Ili kujua kitu gani kiko mbele ya kipi, kompyuta huweka kwa kila pikseli kumbukumbu ya kina, yaani umbali wa uso ulio karibu zaidi na jicho, mbinu iliyobuniwa mwaka 1974 na Edwin Catmull nchini Marekani na Wolfgang Straßer nchini Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake. Nyuso mbili zikiwa kwenye kina kilekile hakuna mshindi, na ushindi unatolewa kwa bahati ya makosa madogo ya hesabu. Katika ramani za nyumba kisa cha kawaida ni mchoraji kuweka uso wa marumaru juu ya uso wa jamvi bila unene wowote, kitu ambacho hakuna fundi anayeweza kukifanya, kwa sababu marumaru ina unene wake na saruji inayoishika ina wake. Skrini inayometameta hapo inaripoti kwa uaminifu kwamba kuna kitu kimechorwa ambacho hakijengeki, na anayeizima kwa kuinua uso wa juu milimita moja amemnyamazisha shahidi. Kimo cha sakafu iliyomalizika ndicho kinachoamua kimo cha milango na ngazi ya kwanza ya kibaraza, na kikichorwa kama kitakavyokuwa, mabaka yanaondoka yenyewe.

Kumbukumbu hiyo ya kina ina udhaifu mwingine unaofaa kueleweka. Hatua zake hazikugawanywa sawa kwa sawa, bali nyingi zimerundikwa karibu na jicho: ukomo wa karibu ukiwekwa kwenye milimita 1, takribani nusu ya hatua zote hutumika kati ya milimita 1 na milimita 2, na nyumba nzima pamoja na uzio hugawana nusu iliyobaki. Kwa kulikwepa hilo, programu nyingi hupanga ukomo wa karibu kwa kufuata ukubwa wa mchoro wote, na hapo ndipo mti mmoja ulionakiliwa kwa bahati mbaya kilomita kadhaa kutoka kwenye nyumba unapoweza kusababisha ukuta wa jikoni ukatike kama uliopasuliwa kwa kisu kila mtu anaposogea kuutazama. Amri ya kuonyesha vyote vilivyomo humfichua mkosaji papo hapo, kwa kuwa nyumba hugeuka kidoa upande mmoja na mti kidoa upande wa pili.

Kwa upande wa vipimo, Afrika Mashariki inaishi katika mchanganyiko ambao hakuna mtengenezaji wa programu aliyeufikiria. Tofali ni la inchi 6, nondo ni ya milimita 12, mbao ni mbili kwa nne, bati linatajwa kwa geji, marumaru kwa sentimita, na kiwanja cha Kenya kinachoitwa hamsini kwa mia ni cha futi, sawa na mita 15.24 kwa 30.48. Fundi huvuka lugha hizo zote kwa siku moja bila kukosea, kwa sababu kichwa chake kinajua tofali lina ukubwa gani. Programu haijui. Namba 36 ndani ya faili la mlango uliochorwa kwa inchi ikisomwa kama milimita, mlango unakuwa na upana wa vidole viwili na kupotea ndani ya unene wa ukuta, na mchoraji anayeamini kwamba programu imegoma kuuonyesha huuingiza tena na tena hadi faili linabeba milango kumi isiyoonekana. Kinyume chake, mlango wa milimita 900 ukisomwa kama inchi unakuwa na upana wa mita 22.86 na kuifunika nyumba. Uwiano wa 25.4 ukijitokeza popote, ama kwa kuzidisha ama kwa kugawanya, hakuna haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Kasoro inayostahili hasira zaidi, kwa maoni ya makala haya, ni ile isiyoonekana kabisa. Kuta mbili zinazoelekea kukutana lakini zimeachana milimita 2 zitaonekana zimeshikana kwa ukuzaji wowote wa kawaida, na kwenye karatasi ya kipimo cha 1 kwa 100 pengo hilo ni sehemu mbili za mia za milimita, jembamba kuliko mstari wowote wa wino. Programu ndiyo pekee inayoliona, na huliona kwa kukataa kazi: chumba hakitambuliwi kuwa chumba, rangi ya sakafu inamwagikia koridoni, eneo halikokotolewi, uso haujijazi. Mchoraji hulalamika kwamba programu ina hitilafu, kisha huchora juu ya sakafu pembe nne nyingine isiyoshikana na kuta, na picha inapendeza. Dawa ipo tangu mwanzo wa kazi, nayo ni kunasa nukta, yaani kuiacha programu ishike mwisho wa mstari ulio karibu badala ya kuuamini mkono na jicho, na walimu wa vyuo vya ufundi wanaofundisha vitufe vya kuvutia kabla ya huko kunasa nukta wanawadhulumu wanafunzi wao.

Mengine ni ya kupita. Leya, ambayo ni karatasi ya kufikirika inayokusanya vitu vya aina moja kama samani au umeme, ikizimwa huondoka na vitu vyake, na wengi wamechora upya ukuta uliokuwa umelala tu. Leya iitwayo Defpoints, ambayo AutoCAD huiunda yenyewe mtu anapoweka vipimo, huonekana kwenye skrini na haichapwi kamwe. Maandishi yaliyogeuka alama za kuuliza hudai fonti ambayo kompyuta ya pili haina. Nyuso zenye rangi ya kijivu cha buluu katika SketchUp ni nyuso zilizogeuzwa nje ndani, na programu za kutengeneza picha za mwisho zinaweza kuzionyesha kama matundu.

Kadi ya michoro nayo haikosi makosa yake, ingawa hulaumiwa kuliko inavyostahili. Kompyuta nyingi za kupakata zina kadi mbili, ndogo ya kuokoa chaji na kubwa ya kazi nzito, na mfumo wa Windows unaweza kuifungua programu ya uchoraji kwa ile ndogo bila kumuuliza mtu, jambo linalorekebishwa kwenye mipangilio ya michoro bila gharama yoyote. Draiva ikiharibika, Windows hurudi kwenye draiva yake ya msingi inayotosha kuandika barua na haitoshi kuzungusha nyumba. Ofisi zinazotumia programu zilizochakachuliwa zina tatizo la ziada, kwa sababu huogopa kusasisha chochote zisije zikafungiwa, na hivyo hubaki na makosa ambayo mtengenezaji alikwisha kuyasahihisha, zikiyazoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama.

Skrini hatimaye inafika kwenye karatasi, na huko onyesho lina nafasi yake ya mwisho ya kudanganya. Ramani iliyopangwa kwa kipimo cha 1 kwa 100 kwenye karatasi ya A3 ikitumwa kwa mwenye duka la kuchapa mwenye A4 tu, na mashine ikaachiwa ienee kwenye ukurasa, kipimo kinakuwa takribani 1 kwa 141 huku maandishi ya pembeni yakiendelea kusema 1 kwa 100. Chumba cha mita 4, ambacho kilipaswa kuwa na milimita 40 kwenye karatasi, kinapimwa milimita 28, na fundi mwenye rula anasoma mita 2.8. Kwa sababu hiyo wachoraji waangalifu huchora kando ya jina la ramani mstari wa kipimo uliogawanywa vipande vya mita hadi 10, ambao hupungua pamoja na nyumba karatasi inapopungua, na mafundi waliowahi kuungua huulazia rula mstari huo kwanza, kabla ya kamba kufungwa kwenye mambo ya kona ya kwanza.